Nani Huingia Kitabuni? Takwimu za Uhalifu na Pengo la Maisha Kisumu

Kila mwaka Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, hutoa ripoti ya hali ya uchumi, na katika kurasa zake mna jedwali la makosa yaliyoripotiwa kwa polisi nchini. Mwaka 2019 jedwali hilo lilionyesha makosa 93,411. Mwaka uliofuata yakashuka hadi 69,645, kisha yakapanda: 81,272 mwaka 2021, 88,083 mwaka 2022, na 104,842 mwaka 2023. Tarakimu hizi hunukuliwa magazetini papo hapo, na kabla ya wiki kwisha viongozi wameshazitolea hukumu, ama nchi imetulia, ama nchi imeharibika. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba jedwali hili halipimi uhalifu peke yake. Linapima pia uhusiano wa raia na kituo cha polisi, na uhusiano huo hutegemea mali ya mtu, mtaa anakolala, jinsia yake, na yale ambayo mtaa wake umeyaona mikononi mwa dola. Katika mji kama Kisumu, pengo la maisha hugusa uhalifu mara mbili. Kwanza huamua nani anaumizwa. Kisha huamua nani kati ya walioumizwa anaandikwa. Mtafiti anayekimbilia swali la kwanza kabla ya kulitatua la pili anaweza kupata jibu lililopinduka, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

Tuanze na ukubwa wa tarakimu zenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini. Gawanya makosa ya mwaka huo kwa idadi hiyo, nawe utapata takriban makosa 196 kwa kila watu 100,000. Polisi wa Uingereza na Wales, wanaohudumia watu karibu milioni 60, huandika zaidi ya makosa milioni 5 kwa mwaka, yaani zaidi ya 8,000 kwa kila watu 100,000. Tukizichukua tarakimu hizi kama zilivyo, itabidi tuseme kwamba mkazi wa Kenya hukumbwa na uhalifu mara 40 chini ya mkazi wa Manchester au Leeds. Hakuna mtu wa mtaa wa Kondele, hapa Kisumu, atakayelikubali hilo, wala hana sababu ya kulikubali. Kinachotofautiana zaidi hapo ni desturi ya kuandikisha. Kule mtu hupiga simu, akapewa namba ya kesi, akaipeleka kwenye bima. Huku wengi hupiga hesabu ya nauli na muda, wakaamua kunyamaza. Kwa hiyo tarakimu ndogo yaweza kuwa dalili ya usalama, na yaweza vilevile kuwa dalili ya watu waliokwisha kukata tamaa na kituo. Jedwali lenyewe haliwezi kutwambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Ushahidi mzito zaidi tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2007 polisi waliandika makosa 63,028, na mwaka 2008 wakaandika 63,476. Hiyo ndiyo miaka iliyobeba machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na kati yake 405 vilitokana na risasi. Hapa Kisumu, kufa kwa risasi ndiko kulikokuwa kwingi. Maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yaliporwa na kuchomwa, wanawake walibakwa, familia kwa maelfu zilihama. Hata hivyo, kwenye jedwali mwaka 2008 ni mtulivu kuliko 2014, mwaka wa kawaida ulioandikwa makosa 69,376. Mwaka ambao Kenya ilikaribia kusambaratika umeingia katika kumbukumbu kama mmoja wa miaka yenye uhalifu mdogo kabisa. Sababu si fumbo. Vituo vilikuwa vimezidiwa au havifikiki, na aliyeshika kalamu alikuwa, machoni pa watu wengi wa mitaa ya Manyatta na Nyalenda hapa Kisumu, ndiye aliyeshika bunduki.

Imani hiyo haikuzuka mwaka 2007. Tarehe 25 Oktoba 1969 walinzi wa Rais walifyatulia umati risasi katika uzinduzi wa hospitali ambayo watu wa Kisumu hadi leo huiita Russia, na idadi ya waliokufa siku hiyo ingali inabishaniwa. Agosti 2017 mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo, alipigwa kichwani polisi walipoingia katika nyumba za Nyalenda usiku, akafa siku chache baadaye. Mwaka 2019 mahakama ya Kisumu iliyochunguza kifo hicho iliwabebesha polisi lawama. Jedwali la kila mwaka lina kifungu cha makosa yanayohusisha maafisa wa polisi, lakini mwenye kujaza kifungu hicho ni polisi mwenyewe. Ndiyo maana Mamlaka Huru ya Kuchunguza Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliundwa kwa sheria ya 2011. Kuundwa kwake kulikuwa ni kukiri kwamba kitabu cha kituoni hakitoshi.

Tutazame basi namna kosa linavyoingia katika kitabu hicho. Mlalamishi hufika kituoni, afisa wa zamu akaandika katika kitabu cha matukio, OB, na mlalamishi akapewa namba. Akiwa ameumizwa hupewa fomu ya P3, ambayo lazima daktari aijaze ndipo iweze kusimama mahakamani. Mwenye gari lililovunjwa kioo katika mtaa wa kitajiri wa Milimani ana kila sababu ya kuzifuata hatua hizi, kwa kuwa kampuni ya bima haimlipi bila abstrakti ya polisi. Ana usafiri, na asubuhi moja akichelewa kazini mshahara wake haupungui. Sasa mfikirie mwanamke anayekaanga mgongo wazi katika mtaa wa mabanda wa Obunga, yale mabaki ya mbuta yanayouzwa baada ya viwanda kukata minofu ya kupeleka ng'ambo. Usiku mmoja anavunjiwa banda, zinachukuliwa karai, mafuta na pesa za kununulia samaki wa kesho. Hana bima itakayomdai abstrakti. Siku atakayoitumia kituoni ni siku ambayo watoto hawatakula, na mwisho wa safari hiyo hakuna anayemrudishia mtaji. Hasara yake ikilinganishwa na anachomiliki ni kubwa mara nyingi kuliko hasara ya kioo cha gari. Katika jedwali, kioo kinahesabiwa kuwa kosa moja, na banda la Obunga linahesabiwa kuwa sifuri.

Ukilijua hili, hutashangaa kuona kaunti zenye uchumi mkubwa kama Kiambu na Nairobi zikiongoza katika makosa yaliyoandikwa, na kaunti maskini za kaskazini zikiwa mkiani. Si Kenya peke yake. André-Michel Guerry, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuchora ramani za uhalifu, alichapisha mwaka 1833 matokeo yaliyowashangaza wasomaji wake: makosa dhidi ya mali yalikuwa mengi katika mikoa tajiri ya kaskazini ya Ufaransa, wala si katika mikoa fukara. Penye mali pana vya kuibwa, na pia pana watu wenye sababu na uwezo wa kulalamika. Mambo hayo mawili yakichanganyika ndani ya tarakimu moja, hakuna ujanja wa hesabu utakaoyatenganisha mpaka tupate chanzo kingine cha habari.

Kitabu kina upande wake wa pili, na upande huo maskini hawakosekani. Kuna makosa ambayo hayahitaji mlalamishi. Chang'aa, bangi, uzururaji, kuuza bidhaa pasipo na kibali: haya huandikwa polisi wanapoamua kufanya msako, na msako hufanywa katika mitaa kama Obunga na Bandani, haufanywi katika sebule za Milimani. Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliofanywa chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, NCAJ, na kutolewa mwanzoni mwa 2017, ulisema wazi kwamba wanaokamatwa, kushtakiwa na kufungwa ni maskini kuliko wenye nacho, na kwamba makosa madogo madogo ndiyo yanayoziba njia ya mahakama. Matokeo yake ni picha iliyopindwa pande zote mbili. Mtu wa mtaa wa mabanda anaonekana zaidi kama mshtakiwa kuliko alivyo, na anaonekana kama mwathiriwa kwa uchache kuliko alivyo. Kisha picha hiyo hutumika kupanga wapi pa kupeleka doria, na doria huzaa tarakimu nyingine za aina ile ile.

Je, pengo la maisha lenyewe huzaa uhalifu? Hapa lazima tutofautishe umaskini na pengo. Umaskini ni kukosa. Pengo ni umbali kati ya anayekosa na aliye nacho, na hupimwa kwa kipimo cha Gini, kinachoanzia 0 panapokuwa na usawa kamili hadi 1 mtu mmoja akichukua vyote. Utafiti wa kaya wa 2015/16 ulionyesha kwamba Wakenya 36.1 kwa mia walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na Gini ya nchi ilikuwa karibu 0.40. Mwaka 2000 Morgan Kelly, akitumia takwimu za kaunti za Marekani, alionyesha kwamba pengo la kipato liliambatana sana na uhalifu wa kutumia nguvu, ilhali wizi uliambatana zaidi na umaskini wenyewe. Miaka miwili baadaye Fajnzylber, Lederman na Loayza walilinganisha nchi kadhaa wakaona kwamba mauaji na unyang'anyi hupanda pale Gini inapopanda. Mwaka 2005 Eric Neumayer akapinga: ukizingatia tofauti za kudumu kati ya nchi na nchi, uhusiano huo hupotea. Naona Neumayer aligusa jambo la kweli, ila hitimisho lake linatuhusu kwa namna nyingine. Nchi ni kipimo kipana mno. Kijana wa Nyalenda halinganishi maisha yake na Gini ya Kenya. Anayalinganisha na nyumba anazoziona akivuka Barabara ya Ring, upande wa Milimani, ambako kuta zina nyaya za umeme na mageti yana walinzi wa kampuni. Pengo linalofanya kazi ni lile la mtaa na mtaa jirani.

Afrika Kusini walilipima pengo la aina hiyo. Gabriel Demombynes na Berk Özler walichapisha mwaka 2005 utafiti uliounganisha sensa na takwimu za kila kituo cha polisi, wakaona kwamba uvunjaji wa nyumba huzidi katika maeneo yaliyo tajiri kuliko majirani zake, na kwamba tofauti za ndani ya eneo huambatana na uhalifu wa mali na wa nguvu pia. Waliweza kwa sababu polisi wa huko hutoa takwimu za kituo kimoja kimoja. Sisi tuna nusu ya kazi hiyo. Mwaka 2013 KNBS pamoja na shirika la SID walichapisha vipimo vya pengo la maisha vilivyoshuka hadi kwenye wadi, hivyo mtu anaweza kuiweka Nyalenda A kando ya Market Milimani na kuzilinganisha kwa maji, taa na elimu. Lakini jedwali la uhalifu linaloufikia umma hukomea kwenye kaunti. Kisumu yote, watu 1,155,574 kwa sensa ya 2019, kuanzia mashamba ya miwa ya Muhoroni hadi fuo za Seme, inakuwa tarakimu moja. Wizi wa mifugo wa mpakani, huko Nyakach na Sondu, unamwagwa ndani ya chungu kimoja na unyang'anyi wa simu kwenye stendi ya mabasi. Pengo tunalipima kwa wadi na uhalifu kwa kaunti. Vipimo hivyo viwili haviwezi kukutana, na anayejaribu kuvikutanisha anaangukia kosa ambalo W. S. Robinson alilionya mwaka 1950, la kumhukumu mtu mmoja mmoja kwa wastani wa eneo lake.

Wapo watakaosema kwamba nikizungumza hivi nawatukana maskini, kana kwamba ufukara ni mama wa wizi. Wana haki ya kuuliza, na jibu lao liko ng'ambo ya ziwa linalopakana na Kisumu. Mwaka 1973 Marshall Clinard na Daniel Abbott walichapisha utafiti wao wa Kampala, ambamo walilinganisha mitaa miwili ya mabanda, Kisenyi na Namuwongo. Yote miwili ilikuwa maskini. Kisenyi ilikuwa na uhalifu mwingi, Namuwongo kidogo. Tofauti waliyoiona ilikuwa katika maisha ya pamoja: Namuwongo majirani walitembeleana zaidi, ndoa zilikuwa imara zaidi, na watu walishiriki zaidi katika vyama vya mtaani. Basi umaskini peke yake haukueleza chochote kati ya mitaa hiyo miwili. Wengi mno wa maskini hawaibi, na ndio wanaoibiwa kwanza kwa sababu ukuta wao ni bati na taa ya barabarani haiwafikii. Anayesema pengo la maisha lina uzito katika uhalifu hamvui mwizi hatia yake. Anauliza kwa nini watu wa mtaa mmoja wamepewa ulinzi na wa mtaa wa pili wamepewa msako.

Kando ya maji, pengo hili lina sura ambayo kitabu cha OB hakiijui kabisa. Mwenye mashine na nyavu ni mmoja, wavuvi anaowaajiri ni wengine, na wanawake wanaosubiri samaki ufuoni ni wengine zaidi. Mashine ya boti ikiibiwa katika fuo za Mbita au Usenge, habari hufika kwanza kwa kamati ya ufuo, BMU, na mara nyingi huishia hapo. Jaboya, ile desturi ya mwanamke kulazimika kutoa mwili wake ndipo auziwe samaki, haiingii popote, kwa kuwa kila anayehusika huiona kama masharti ya biashara. Lakini tunapoacha kungoja mlalamishi aje na badala yake tukamfuata nyumbani, tarakimu hubadilika kabisa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, KDHS, ulipowauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 mwaka 2014, 45 kwa mia walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Mwaka 2022 walikuwa 34 kwa mia, na Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizo juu ya wastani huo kwa mbali. Walioomba msaada popote, kwa jamaa au kwa serikali, hawakufika nusu. Tukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo ambayo utafiti wa nyumbani ulionyesha kipigo kikipungua, jedwali la polisi lilikuwa likipanda kwa jumla. Kupanda kwa jedwali kwaweza hata kuwa habari njema, ikiwa maana yake ni kwamba waliokuwa wakinyamaza wameanza kusema.

Pingamizi lililo kali zaidi ni la wanatakwimu wenyewe. Husema: tunakubali kwamba kiwango si sahihi, lakini mwelekeo ni sahihi, mradi sehemu inayofichika haibadiliki mwaka hadi mwaka. Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa zama za Guerry, alijenga kazi yake juu ya dhana hiyo. Dhana hiyo yaweza kusimama katika nyakati tulivu. Haikusimama 2008, kama tulivyoona, na haikusimama 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, na mwaka huo makosa yaliyoandikwa yakashuka kwa robo. Bila shaka sehemu ya mshuko huo ni ya kweli, kwa kuwa baa zilifungwa na barabara zilikuwa tupu usiku. Lakini Aprili ya mwaka ule ule Jaji Mkuu David Maraga, akizungumza kwa niaba ya NCAJ, alitangaza kwamba makosa ya kingono yalikuwa yakiongezeka, na kwamba mengine yalitendwa na jamaa wa karibu, watu wanaoishi nyumba moja na waathiriwa. Uhalifu wa barabarani ulipungua huku wa ndani ya nyumba ukizidi, na wa ndani ya nyumba ndio usioandikwa. Anayetegemea jumla ya mwaka huo anaona amani.

Wengine watanijibu kwa mkato: ongezeni polisi na vituo, mengine yatajirekebisha. Sipingi vituo. Mtu wa Bandani anastahili kituo kilicho karibu kama mtu yeyote. Ila afisa wa kumi katika mtaa usiomwamini wa kwanza ataongeza makosa ya msako, hataongeza malalamiko. Palipo na umati unaomchoma mwizi badala ya kumpeleka kituoni, watu wamekwisha kupiga kura juu ya kitabu, na kura hiyo haibadilishwi kwa idadi ya sare.

Njia ya kupata tarakimu za kweli ipo tayari, tena katika eneo hili hili la ziwa. Kuanzia 2001 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wake wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walikuwa wakizuru nyumba hadi nyumba huko Asembo, na baadaye Gem na Karemo, wakiandika kila uzazi, kila kifo na kila uhamisho. Kifo kilipotokea, mhojaji alikaa na jamaa na kuwauliza marehemu aliuguaje, ili chanzo kijulikane hata kama hakufika hospitali. Kazi ya namna hiyo imefika pia Manyatta, mjini Kisumu, kwa ajili ya kuelewa kwa nini watoto wadogo wanakufa. Hakuna kinachozuia maswali machache kuongezwa katika utafiti wa aina hiyo: katika miezi 12 iliyopita, je, kuna mtu wa nyumba hii aliyeibiwa, aliyenyang'anywa au aliyepigwa? Mliripoti kwa nani? Kama hamkuripoti, kwa nini? Jibu la swali la mwisho lina thamani kubwa kuliko jedwali zima, maana ndilo linalopima kile ambacho Quetelet alikidhania tu.

Itasemwa kwamba maswali kama haya yanaweza kumletea mwanamke kipigo kingine, mume akisikia. Hofu hiyo ni ya haki, na watafiti wa KDHS wameshaishughulikia: huchagua mwanamke mmoja tu katika kaya, humhoji faraghani, na wakikosa faragha huacha sehemu hiyo. Gharama nayo si kisingizio, kwa sababu wahojaji waliozoea kazi hii wapo na ramani za nyumba zipo. Linalobaki ni Serikali ya Kaunti ya Kisumu kuagiza jedwali la pili, litakalochapishwa kando ya lile la polisi kwa wadi moja moja, Nyalenda A na Market Milimani katika ukurasa mmoja, na polisi nao kutoa takwimu za Kondele, Kisumu Central na kila kituo kingine kila baada ya miezi mitatu. Siku majedwali hayo mawili yatakapotofautiana, tofauti yenyewe ndiyo itakayokuwa somo letu la kwanza, nasi tutaanza kuuliza wadi kwa wadi ni nani aliyeumizwa bila kuandikwa.